Nani Anasema Ndani ya Picha? Mangapwani na Hadithi za Kuchorwa



Leo mazungumzo yetu ni ya michoro, kwa hiyo nawaomba mnifuate kwa fikra hadi Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe, baada ya Bububu na Chuini, mwendo wa kilomita 20 hivi. Pale karibu na bahari pana sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni pango la asili lenye maji matamu ndani yake. Wenyeji husimulia kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akichunga mbuzi wa bwana wake; mbuzi mmoja akapotea, na kijana akamsikia analia chini ya ardhi. Sehemu ya pili si kazi ya maumbile. Ni chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, kikagawanywa, kikafunikwa kwa paa zito lililokaribia usawa wa ardhi, hata anayepita kwa mbali asijue kama pana kitu. Ujenzi wake hunasibishwa na Mohammed bin Nassor Al-Alwi, mnamo mwaka 1880 hivi.

Uangalieni huo mwaka. Soko la watumwa la Mkunazini lilikwisha kufungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 baina ya Sultani Barghash bin Said na Waingereza. Manowari HMS London ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, na mashua zake zikizunguka kusaka majahazi. Lakini biashara haikufa. Ilihamia usiku na vichakani. Desemba 1881, nahodha wa manowari hiyo, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba na watu wa jahazi lililobeba watumwa. Chumba cha Mangapwani ni cha wakati huo: mahali pa kuwaficha watu mpaka usiku uingie na chombo kiwe tayari ufukweni.

Kwa hiyo ni jengo lililojengwa ili lisionekane, na waliowekwa ndani yake wasisikike. Sasa mtu akitaka kuisimulia habari hii kwa kuchora, kwa hadithi ya picha kama zile tulizozisoma utotoni katika gazeti la Sani, ataanzia wapi? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na nitawaambia kwa nini naona hadithi ya picha inaweza kuibeba kazi hii kuliko sanamu, kuliko filamu, na pengine kuliko kitabu cha maneno matupu.

Hadithi ya picha ina visanduku vilivyopangwa kimoja baada ya kingine. Ndani ya kisanduku kuna mchoro, na mara nyingi kuna kiputo, yaani kile kiwingu cha maneno kinachotoka mdomoni mwa mtu. Wengi hudhani kwamba maneno yako pale kuieleza picha. Mchoraji mzuri hafanyi hivyo. Akichora mtu analia, haandiki kwamba analia. Maneno yanasema jambo moja, mchoro unasema jingine, na msomaji ndiye anayeyakutanisha kichwani mwake.

Chukueni mfano wa uokozi baharini. Mashua ya Waingereza imelikamata jahazi, mabaharia wanarukia ndani. Picha peke yake ni picha ya ukombozi. Lakini tunajua kutokana na masimulizi ya wakati ule kwamba wenye majahazi waliwaambia mateka wao kuwa Wazungu wanakula watu. Basi weka kiputo juu ya kichwa cha mtoto aliyeko ngamani: wamekuja kutuchinja. Mkono unaonyooshwa kumtoa, yeye anauona ni mkono wa mauti. Mchoro bila maneno ungemsifu mwokozi, na maneno bila mchoro yangetupa hofu bila kutuonesha ilikotoka. Vikikaa pamoja tunamwona mtoto ambaye hata siku ya kuokolewa hakuachwa bila kuteswa.

Sasa turudi chumbani Mangapwani. Kisanduku cheusi kitupu, wino kutoka ukingo hadi ukingo, hamna uso, hamna ukuta, ila viputo tu. Na viputo hivyo visiwe vya lugha moja! Waliofikishwa pwani hii walitoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi, Wazaramo na wengine wengi. Aliyefungwa karibu nawe pengine hukujua hata kumwomba asogee. Mchoraji anaweza kumwandikia kila mmoja maneno yake kwa lugha yake bila tafsiri, na msomaji asielewe nusu ya yaliyosemwa. Msomaji akikaa katika ukurasa huo bila kuelewa, atakuwa amekijua chumba kile kwa namna ambayo maelezo ya kurasa kumi hayampi.

Kisha kuna nafasi nyeupe iliyopo baina ya kisanduku na kisanduku. Katika cha kwanza msafara unapita na mwanamke mgonjwa amekaa chini ya mti, katika kinachofuata msafara unaendelea na yeye hayumo. Kilichotokea hakikuchorwa. Msomaji ndiye anayekijaza, na akikijaza hawezi kusema hakukiona. Mimi naipenda njia hii kuliko damu. Wachoraji wengi wakipewa habari ya mateso hukimbilia mijeledi na majeraha, ukurasa baada ya ukurasa, na yule anayechapwa hageuki kuwa mtu, anabaki mgongo wenye alama.

Nasema hivi kwa sababu utumwa wetu ulichorwa sana, tena zamani, na walioteswa wakaachwa bila mdomo. Mwaka 1873 nahodha George Sulivan alitoa kitabu chake juu ya kusaka majahazi katika maji ya Zanzibar, kikiwa na michoro iliyotokana na picha za kamera za watu waliotolewa majahazini. Moja katika picha za wakati huo ni ya manowari Daphne, mwaka 1868: watoto na watu wazima wamekaa sitahani, mifupa inahesabika. Mwaka uliofuata kitabu cha Sulivan zikatoka shajara za mwisho za David Livingstone, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka 1873, na ndani yake mkachapwa michoro ya misafara, watu wenye makongwa shingoni, mtu anayekatwa kwa shoka kwa kuwa hawezi tena kutembea. Michoro hiyo ilifanya kazi kubwa. Iliwashtua wasomaji wa Uingereza, na ghadhabu yao ilisaidia kuwaandama waliokaidi amri ya kulifunga soko. Siidharau hata kidogo.

Lakini tazameni maneno yaliyo chini ya michoro hiyo ni ya nani. Ni ya nahodha, ni ya mpelelezi, ni ya mhariri wa London. Wenye makongwa hawasemi neno. Hata mnara wa kumbukumbu ya watumwa ulioko Mkunazini leo, kazi ya mchongaji wa Kiswidi Clara Sörnäs ya miaka ya 1990, watu watano ndani ya shimo wakiwa wamefungwa mnyororo, unakugusa moyo kweli, nami nimewaona watu wazima wakiukimbia kwa machozi. Wale watano nao wamenyamaza.

Je, maneno yao yalipotea? Hapana, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Mwaka 1887 A. C. Madan, yule yule wa makamusi ya Kiswahili, alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani. Kiungani ilikuwa skuli ya misheni hapa Unguja, kusini kidogo ya mji, na wanafunzi wake wengi walikuwa watoto waliotolewa majahazini. Vijana hao waliandika habari zao: kwao palikuwaje, walikamatwaje, waliuzwa kwa nini, walipita wapi. Waliandika kwa Kiswahili, lugha ambayo hawakuzaliwa nayo, na Madan akawatafsiri kwa Kiingereza. Kuna pia masimulizi ya Swema, mtoto wa kike wa Kiyao aliyefikishwa Unguja katikati ya miaka ya 1860 akiwa hoi, wakamdhania maiti, wakamzika, akatolewa kaburini na kupelekwa kwa masista Wakatoliki. Na kuna Rashid bin Hassani, Mbisa aliyekuja kuwa mtumwa hapa, ambaye alisimulia maisha yake uzeeni na yakachapishwa mwaka 1936 katika kitabu alichokihariri Margery Perham kuhusu maisha ya Waafrika kumi.

Sisemi maneno haya ni safi kabisa. Vijana wa Kiungani waliandika mbele ya walimu wao. Habari ya Swema iliandikwa na mapadri waliokuwa na haja ya kuwagusa wafadhili wao Ulaya. Mchoraji mwaminifu atalionesha hilo: atachora meza, kalamu, padri anayeandika, na mtoto anayesema. Mpaka wa karatasi ya padri na sauti ya mtoto uonekane katika mchoro. Maandishi matupu hulificha jambo hili kirahisi mno, kwa sababu katika ukurasa wa maneno sauti zote zinavaa herufi zile zile.

Na tusidhani kwamba kuoanisha picha na maneno ni ufundi wa kuazima. Mwisho wa karne ya 19, hapa hapa Unguja, kanga ilianza kuvaliwa na wanawake, na wengi waliokuwa wajakazi waliitupa kaniki, lile vazi jeusi la utumwa, wakavaa nguo ya maua na rangi. Haukupita muda mrefu kanga ikapata jina lake, maneno yaliyopigwa chapa, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Wanawake ambao miaka michache nyuma walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa sasa walitembea mjini wakiwa na mchoro na kauli mwilini mwao. Hawakuhitaji mtu wa kuwasemea. Kwa hiyo kisanduku chenye mchoro na maneno si kitu kigeni kwetu.

Nendeni na Kongo muone. Lubumbashi kulikuwa na mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake, mchoro mmoja mmoja, kiasi cha 100, na kuiuza kwa mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian. Humo mna misafara ya watumwa, mna utawala wa Wabelgiji, askari akimchapa mfungwa aliyelazwa chini na mzungu amesimama anatazama, mna kukamatwa kwa Patrice Lumumba. Juu ya turubai aliandika maneno ya Kifaransa. Lakini alipokaa na Fabian kuieleza kazi yake, mchoro baada ya mchoro, alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, na maelezo hayo yakaingia katika kitabu kilichotoka mwaka 1996. Hakuwa mwanahistoria wa chuo. Alijiita mwanahistoria, na mimi namkubalia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hajulikani aliko.

Ninachokiona kikubwa kwa Tshibumba ni kwamba anayechapwa na anayechapa wote wana nafasi zao ndani ya turubai, na mtazamaji wa Lubumbashi alijua amesimama upande gani. Picha za aina ile zilitundikwa sebuleni, familia zikala chakula chini yake na wazee wakazitumia kuwasimulia watoto. Mchoro ulikuwa mwanzo wa mazungumzo ya nyumbani.

Watu wakizungumzia hadithi za picha na mateso ya historia, wengi hutaja Maus, kazi ya Mmarekani Art Spiegelman, iliyotoka kwa juzuu mbili mwaka 1986 na 1991, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Humo Spiegelman anamhoji baba yake Vladek, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz. Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani kama paka. Ni kazi kubwa, na somo lake moja tulichukue: mtoto amekaa na mzee wake, anauliza, anaandika, anachora, na ukaidi wa mzee, maradhi yake na choyo chake vyote vimo. Mzee hakugeuzwa malaika kwa sababu aliteswa.

Lakini paka na panya tusiwachukue. Nalisema hili kwa uzito. Katika historia ya Unguja hakuna namna ya kuwagawa watu kwa wanyama wawili ukabaki mkweli. Majahazi yalikuwa ya Waarabu na ya Waswahili. Fedha nyingi za biashara zilitoka kwa wafanyabiashara Wahindi. Misafara ya bara iliongozwa pia na Wayao na Wanyamwezi, na wako machifu waliouza watu wa jirani zao. Mashamba ya Wafaransa huko Réunion na Mauritius yalidai watumwa, na mikarafuu ya Unguja na Pemba ikadai zaidi. Pembe za ndovu zilizobebwa kwa mabega ya mateka zilikwenda kuwa vitufe vya piano Marekani. Masultani wenyewe walizaliwa na masuria. Mama yake Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mwenye nyumba ile ya Shangani, ukimchora tu utaona damu ngapi zimo usoni mwake. Utampa sura ya mnyama gani?

Na hatari yake tumeshaionja. Kumbukumbu ya utumwa ilikuwa silaha ya siasa kabla na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wako watu wa visiwa hivi waliouawa au kufukuzwa kwa sababu ya nasaba yao tu, wao binafsi hawakuwahi kumuuza mtu. Miaka miwili baadaye filamu ya Kitaliano, Africa Addio, ikaonesha maiti za Unguja zilizopigwa picha kutoka angani, na maneno yote juu yake ni ya msimulizi wa mbali. Mara nyingine tena picha ya wanaoteswa, na sauti ya mtu mwingine. Mchoraji wa Mangapwani akichora kitabu kitakachomfanya mtoto wa skuli amchukie mwenzake wa dawati moja kwa sababu ya jina la babu yake, basi bora asichore.

Kuna njia nyingine ya uaminifu ambayo naipendekeza. Mwaka 2011 Trevor Getz na mchoraji Liz Clarke walitoa kitabu cha picha juu ya Abina Mansah, mwanamke wa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, aliyemshitaki bwana wake mahakamani mwaka 1876 kwamba alimfanya mtumwa. Alishindwa kesi. Kitabu kinaisimulia kesi hiyo kwa michoro, halafu kinampa msomaji kumbukumbu zenyewe za mahakama, ajionee wapi shahidi alisema na wapi mchoraji alibuni. Hilo ndilo tunalolihitaji, hasa sisi ambao vivutio vyetu vya utalii vinachanganya yaliyothibitika na yanayosimuliwa. Vyumba vya chini vya jengo la hospitali ya zamani ya misheni pale Mkunazini huoneshwa wageni kuwa mahabusi ya watumwa, na wako wanahistoria wanaolitilia shaka jambo hilo kwa kuwa jengo lenyewe lilijengwa baada ya soko kufungwa. Mchoro huaminiwa upesi kuliko maandishi. Ukichora pango la asili la Mangapwani likiwa limejaa minyororo, mtoto atakufa na picha hiyo kichwani.

Limebaki jambo moja zito, nalo ni kuona haya. Utumwa ulikoma kisheria Unguja na Pemba tarehe 6 Aprili 1897, na kwa masuria mwaka 1909. Vizazi si vingi. Lakini ni nyumba ngapi ambazo bibi husema wazi kwamba mama wa mama yake aliletwa ngamani? Neno mtumwa lilibaki kuwa tusi, kwa hiyo watu walijifunika. Walibadilisha majina, walibadilisha kabila, walinyamaza. Siwalaumu, walikuwa wakijijengea heshima waliyonyimwa. Ila ukimya huo umewaacha wageni na waongoza watalii wakisimulia peke yao.

Tunao wachoraji. Nchi hii imemzaa Christian Gregory wa Chakubanga katika gazeti la Uhuru, James Gayo wa Kingo, Ali Masoud Kipanya, na Gado, ambaye kitabu chake cha picha cha Abunuwasi kilitoka Nairobi mwaka 1996 kwa Kiswahili na kikasomwa na watoto wengi. Vijana wanaochora Mji Mkongwe leo, wanaouza milango na Wamasai kwa watalii, mikono yao inaweza kazi kubwa kuliko hiyo.

Nawaomba basi, wachapishaji wa Unguja na Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wenye mamlaka ya makumbusho: kirudisheni kitabu cha Kiungani katika Kiswahili, lugha kilimoandikwa kwanza, wakabidhini mchoraji na mwanahistoria wakae meza moja, na kitabu kitakachotoka kifike kwanza skuli za Mangapwani na Bumbwini kabla hakijafika madukani mwa Forodhani. Na wewe msikilizaji, kama kwenu yuko mzee anayejua mama wa bibi yake alitoka wapi, muulize wiki hii, kwa adabu, na uandike anavyosema, kwa maneno yake mwenyewe.